Nimebadilisha holda za skeiti za hoki ya barafu, sasa mguu wa kulia unanivuta ndani. Tatizo ni nini?

#1 KaskaziTena (Edmonton)
Wakuu salaam.

Nina skeiti zangu za Bauer, namba 9. Mabuti yako sawa, hayajachanika wala kulegea, na mguu umeshayazoea. Ugonjwa ulikuwa chini. Holda (ile plastiki chini ya buti inayoshika chuma) zilikuwa zile Lightspeed 2 za zamani, ya kushoto imepata ufa karibu na ribiti za kisigino, na vyuma vimenolewa hadi vimebaki vifupi. Skeiti mpya za daraja hilohilo zinapita dola 600 za Kanada. Nikaona ya nini, nibadilishe holda tu, niweke Lightspeed Edge zenye kifyatuo, ili chuma kitoke bila kufungua soli ya ndani. Saizi nikaacha ileile, 280. Fundi wa duka moja hapa akang'oa ribiti za zamani, akafunga mpya, akanoa. Jumla ikaja karibu dola 250 pamoja na vyuma.

Nikaingia kwenye barafu. Kushoto safi kabisa. Kulia kunanivuta ndani. Nikiteleza kwa mguu mmoja wa kulia, skeiti inajikunja yenyewe kuelekea kushoto. Kona ya kushoto naikata vizuri kuliko zamani, lakini ya kulia makali ya nje hayashiki, naenda chini mzimamzima mbele ya watoto wa miaka saba. Na miguu yote miwili nahisi niko juu kidogo.

Nimerudi dukani, wanasema nitazoea. Nizoee kuanguka? Wajuzi karibuni.

#2 Mlalahoi_Daima (Dar es Salaam)
Uzi bila picha haunogi. Halafu hiki kitu kinaitwaje, mtu mzima kutembea juu ya visu kwa hiari yake?

#3 KaskaziTena
@Mlalahoi_Daima picha naweka jioni, tulia. Na wewe unayepanda bodaboda Ubungo saa kumi na mbili jioni usinifundishe usalama.

#4 FundiKekee (Minneapolis)
Mkuu, mimi hizi kazi nazifanya pembeni, gereji yangu mwenyewe, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Holda haikufungwa katikati. Basi. Chuma kikikaa upande wa nje wa mstari wa katikati ya soli, uzito wako unaangukia ndani yake, na buti linalala kuelekea dole gumba. Huhitaji kosa kubwa. Milimita mbili za kisigino unazisikia hadi gotini.

Angalia hivi: ligeuze buti, soli juu. Chora kwa penseli mstari kutoka katikati ya kisigino hadi katikati ya ncha ya mbele. Halafu funga jicho moja, tazama chuma kutoka nyuma kwenda mbele. Chuma na mstari vinatakiwa viende pamoja. Vikiachana, umepata jibu.

Fundi anayejiheshimu hafungi ribiti zote kwa mpigo. Anaweka chache kwanza, mbele na nyuma, mteja anavaa, anasimama, wanatazamana. Mkiridhika ndipo anamalizia. Ukishagonga zote (kwa kawaida nane mbele na sita nyuma) kurekebisha ni kung'oa upya, na kila ukitoboa kichwa cha ribiti, tundu linapanuka kidogo.

#5 MamaTufaha (Toronto)
Nampinga FundiKekee kwa heshima zote. Kabla hujagusa ribiti za mtu, angalia alivyonolewa. Wanangu watatu wanacheza, na karibu kila kilio cha "mama, skeiti inanivuta" kiliishia kwenye mashine ya kunolea.

Kwa wasiojua: chini ya chuma hakuna ncha moja kama ya kisu cha jikoni. Kuna mfereji katikati na makali mawili, la ndani na la nje. Mashine ikikaa upande, makali moja linakuwa juu kuliko jingine. Hapo hata ufungiwe holda na malaika, utavutwa.

Kipimo ni sarafu. Geuza skeiti, laza sarafu juu ya makali yote mawili, ikae kama meza juu ya miguu miwili. Tazama kutoka mbele. Sarafu na ubavu wa chuma vinatakiwa viwe pembe mraba kamili. Rudia sehemu tatu: kidoleni, katikati, kisiginoni. Watu wengi hupima katikati tu, na mashine nyingi huharibu kidoleni.

#6 SimbaWaMomboRoad (Nairobi)
Wasee, hii uzi nimeipenda sana. Sisi huku Panari, hoteli yenye uwanja wa barafu, tunapiga hoki tangu barafu ifunguliwe 2005, na hakuna hata duka moja la holda. Skeiti zinakuja na wageni, zingine zimevaliwa na watu watatu kabla yako.

Mimi yangu ilipasuka holda ya nyuma. Nikaibeba hadi Kariokor kwa fundi wa viatu vya ngozi, mzee mmoja mpole sana. Akaishika, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Hii ni ya kukatia nini?" Nikamwambia ya kutembelea kwa barafu. Akanyamaza kidogo kisha akasema bei. Akatoa ribiti zilizokuwa zimeshika kutu, akaweka boliti fupi na nati zenye plastiki ndani ili zisilegee. Boliti zikachomoza ndani ya kiatu, akazikata na kuzipiga tupa hadi zikalala. Mpaka leo inashika. Inavuta ndani, inavuta nje, mimi nilidhani ndiyo hoki yenyewe.

#7 Mlalahoi_Daima
Hapo pa "hii ni ya kukatia nini" nimecheka hadi bosi kageuka.

Swali la kweli lakini: Nairobi mnacheza na nani?

#8 SimbaWaMomboRoad
@Mlalahoi_Daima kwa muda mrefu tulicheza sisi kwa sisi, timu yetu Ice Lions dhidi ya Ice Lions. 2018 Tim Hortons, wale wa migahawa ya kahawa ya Kanada, walipeleka timu Kanada, wakacheza mechi na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakavaa jezi yetu. Video iko, tafuta. Na 2024 Kenya imeingia IIHF, shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, kama mwanachama mshiriki. Barafu yetu bado ni ndogo kuliko uwanja kamili, na wengi wetu tulianzia kwenye skeiti za magurudumu kwenye maegesho ya mjini. Ndiyo maana nawauliza nyinyi wa mbele, hizo holda mnazotoa huwa mnazipeleka wapi?

#9 MzeeWaTyubu (Winnipeg)
Vijana, salamu. Mmeruka jambo la kwanza kabisa. Buti.

Kijana anasema buti zima. Zima kwa macho! Skeiti ikishachezewa misimu kadhaa, kuta za kifundo zinalainika upande wa ndani, kwa sababu karibu sote tunalalia ndani. Ulipokuwa na holda ya zamani na chuma kifupi, mguu ulikuwa karibu na barafu, hukuona. Sasa umepandishwa juu, udhaifu wa buti umejitokeza. Ungebadilisha holda mara kumi usingepona.

Nilipofika huku nilikuta watu bado wanavaa zile za tyubu, chuma kitupu toka soli hadi barafuni. Ukitazama ile picha ya mchezaji Bobby Orr akiruka hewani 1970, ndizo hizo. Nzito, lakini hazikuwa na ufa wala kifyatuo. Plastiki haikushika mpaka miaka ya 90.

#10 MamaTufaha
Shikamoo Mzee. Hapo kwenye miaka ya 90 nakukatalia. Tazama picha za timu ya Edmonton Oilers wanachukua kombe 1984, chini ni plastiki nyeupe tupu. Tyubu zilishaanza kutoweka tangu mwisho wa miaka ya 70.

#11 MzeeWaTyubu
Marahaba mwanangu. Oilers ni matajiri. Mimi nasema watu wa kawaida, Winnipeg, ligi ya mtaa.

#12 SultaniWaRuwi (Muscat)
Assalaam aleikum. Na sisi tupo, msidhani barafu ni ya Kanada peke yake. Oman imo IIHF tangu 2014.

Mimi naona mmesahau joto. Shekhe mmoja tunayecheza naye aliacha begi la skeiti kwenye buti la gari mwezi wa saba, nje nyuzi 47, ndani ya gari Mungu ndiye ajuaye. Aliporudi, holda moja imejipinda. Tukaiweka juu ya kioo cha meza, ikawa inacheza. Tangu siku hiyo mimi skeiti zangu nalala nazo chumbani kwenye kiyoyozi, mke wangu ameshazoea. KaskaziTena, hukuweka karibu na hita? Edmonton watu mnaweka vitu juu ya hita kukausha.

#13 FundiKekee
@SultaniWaRuwi aleikum salaam. Hapana ndugu. Buti jipya linaokwa kwenye oveni nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na holda yake ikiwa imeshafungwa hapohapo chini, ili lilainike na kushika umbo la mguu. Holda haipindi. Joto la gari haliwezi kuzidi hilo. Ya rafiki yako ilikuwa imepinda zamani, joto limesingiziwa.

#14 SultaniWaRuwi
Oveni ni dakika chache, hewa inazunguka. Gari ni mchana kutwa, na begi juu kuna begi jingine la golikipa, zito kama mbuzi wa Idi. Joto pamoja na uzito pamoja na muda. Usinifute haraka hivyo.

#15 Mlalahoi_Daima
Subirini. Mnaoka viatu? Kwenye oveni ya kuokea mikate? Na familia inajua?

#16 MamaTufaha
Inajua, na keki ya siku ile hakuna aliyeigusa.

#17 PapaKivu (Gatineau)
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mzazi tu, sichezi, barafu naiogopa kabisa. Lakini mwana wangu wa miaka kumi na miwili anacheza, na tulipata shida ileile baada ya kuweka holda mpya. Mguu mmoja unalala ndani. Tukazunguka: noa tena, pima tena, funga tena. Pesa ikaisha.

Shida ilikuwa soli ya ndani. Fundi aliitoa ili agonge ribiti, akairudisha haikukaa vizuri. Kulikuwa na ribiti moja upande wa nje, mkia wake umechomoza kidogo, soli ikapanda juu yake, mguu ukasukumwa kwenda ndani. Unaingiza mkono, unapapasa, unaisikia pale kama punje ya mchele. Tukaipiga tupa, ikakwisha.

Na mnapotaja watu wetu, mnasahau Bokondji Imama. Wazazi wake ni wa Kongo, yeye mtoto wa Montreal, akaingia NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, 2022 na Arizona Coyotes. Mwana wangu ana picha yake juu ya kitanda.

#18 KaskaziTena
Asanteni wote. Nimefanya kazi ya nyumbani. Picha hizo hapo juu (@Mlalahoi_Daima usiseme tena).

Soli ya ndani: nimetoa, nimepapasa. Ribiti zote zimelala. PapaKivu, si hilo.

Mstari wa FundiKekee: kisiginoni chuma kiko nje ya mstari, labda milimita mbili. Lakini nikachora na kwenye buti la kushoto, lile lisilo na shida, na lenyewe liko nje karibu milimita moja. Sasa sijui mstari wangu ndio umepinda au nini, maana soli yenyewe haiko sawa pande mbili.

Sarafu ya MamaTufaha: katikati sawa, kisiginoni sawa. Kidoleni sarafu inalala. Upande wa ndani uko juu.

Kwa hiyo mmepatia wote wawili, au mmekosea wote wawili.

#19 FundiKekee
Milimita mbili! Nilisema namba ileile kabla hujapima.

#20 MamaTufaha
Kidoleni! Nilisema sehemu ileile kabla hujapima.

#21 BaridiTupu (Calgary)
Naingia kwa kuchelewa. Watu wote mmeipita sentensi moja ya mtoa mada: "nahisi niko juu kidogo". Hiyo si hisia. Lightspeed Edge iko juu kuliko Lightspeed 2 kwa milimita 3, wameifanya hivyo makusudi ili mtu alale zaidi kwenye kona kabla plastiki haijagusa barafu. Ongeza na tofauti ya chuma: cha zamani kilikuwa kimeliwa, kipya kina urefu wake wote. Amepanda milimita kadhaa. Ukipanda juu, kila kasoro ndogo inakuwa kubwa, iwe ya holda, ya makali, au ya kifundo.

Halafu kuna mkunjo. Chuma cha hoki hakijanyooka, kimekunjwa kama kipande cha duara kubwa lenye nusu kipenyo cha futi 9, 10 au 11, na sehemu inayogusa barafu ni ndogo tu katikati. Kila duka likinoa ovyo, mkunjo unahama. Cha zamani huenda kilikuwa kimeshabapatika, mtu anasimama juu yake kama yuko sakafuni. Kipya kina duara la kiwandani. Kwa hiyo dukani waliposema atazoea, hawakusema uongo kabisa.

#22 FundiKekee
Hiyo ingevuta miguu yote miwili, na mbele au nyuma, si ndani. Mkunjo unakutupa kidoleni au kisiginoni. Sisi tunazungumzia upande.

#23 BaridiTupu
Na mguu wake wa kulia ukiwa dhaifu kuliko wa kushoto? Kila mtu ana mguu dhaifu.

#24 NesiGöteborg (Göteborg)
Hapo ndipo nilikuwa nasubiri. Habari zenu. KaskaziTena, umewahi kuumia kifundo au goti la kulia? Vua soksi, simama mbele ya kioo kwa mguu mmoja, piga goti kidogo. Goti likikimbilia ndani, huo ndio mvuto wako, skeiti inakuonyesha tu. Wachezaji wengi wanawekewa kabari nyembamba kati ya holda na soli upande mmoja ili kuunyanyua mguu unaolala. Inasaidia, lakini fundi awe anajua anachofanya, maana kabari ikizidi utahamishia maumivu nyongani.

Huku Uswidi kuna na Marsblade, holda yenye sehemu mbili, ya juu inabembea juu ya ya chini. Kaibuni Per Mårs, mchezaji wa zamani. Wapo wanaoapa nayo. Mimi niliijaribu, nikahisi niko kwenye ngalawa Bahari ya Hindi, nikairudisha.

#25 KaskaziTena
@NesiGöteborg nilivunjika kifundo cha kulia nikiwa sekondari, mpira wa miguu, uwanja wa vumbi, Tabora. Lakini na holda za zamani nilikuwa nateleza vizuri tu na kifundo hichohicho.

#26 MzeeWaTyubu
Kifundo kilichovunjika, ndani ya buti lililolainika. Nimemaliza.

#27 Mgeni_Kimya (Columbus, Ohio)
Mimi msomaji tu, leo nimeshindwa kukaa kimya. Mmehakikisha holda ni za kushoto na kulia? Sahani ya mbele imefuata umbo la mguu, kuna ya kila upande. Ukisahau ukaagiza mbili za upande mmoja...

#28 KaskaziTena
Nimeangalia. Moja kushoto, moja kulia. Asante kwa kunitisha.

#29 SimbaWaMomboRoad
Swali dogo bila kuharibu uzi. Mimi nina mabuti ya CCM, kampuni nyingine ya skeiti, holda zimechoka. Kuna mtu ananiletea Bauer 280 za mkono wa pili. CCM nayo inaandika 280. Si zitaingia tu?

#30 FundiKekee
Haziingii, usidanganywe na namba. Matundu ya CCM na ya Bauer hayako mahali pamoja. Itabidi uzibe ya zamani kwa gundi ngumu, uache ikauke vizuri, utoboe mapya. Na tundu jipya likiwa karibu sana na la zamani, soli inachanika katikati yao, hapo ndipo buti linakufa. Fundi wako wa Kariokor anaweza, mikono anayo, lakini mwambie asiwe na haraka.

Ukibaki ndani ya kampuni moja ni rahisi zaidi. Ndiyo maana KaskaziTena alitoka Lightspeed 2 akaingia Edge kwa matundu yaleyale. Ila vyuma havibadilishani. Cha Lightspeed 2 kinashikwa kwa nati kutoka ndani ya kiatu, unatoa soli, unaingiza soketi ya milimita 8. Cha Edge kinashikwa na kifyatuo. Usije ukaletewa chuma cha kile na holda ya hiki.

Na ribiti: omba za shaba kama unaweza. Hazishiki kutu. Ubaya wake ni laini, zinalegea mapema kuliko za chuma, kwa hiyo uzikague. Ukisikia mlio mdogo kila unaposukuma, ni ribiti au ni kifyatuo.

#31 BaridiTupu
Kifyatuo chenyewe sikipendi. Ni kitamu dukani. Kwenye NHL utaona mtu chuma kimechomoka katikati ya mchezo, anajikokota kwa mguu mmoja hadi benchi kama bata aliyejeruhiwa, mhudumu anampachika kingine papo hapo, anarudi. Sawa, yeye ana mhudumu. Mimi ligi yangu ya usiku saa tano nina nani? Holda ya CCM XS unakaza chuma kwa ufunguo mdogo wa pembesita, inachukua muda kidogo lakini nalala usingizi.

#32 MamaTufaha
Kwani nati za zamani hazikuwa zinalegea? Nimewahi kutoa soli ya ndani ya mtoto, imeloa jasho, kwenye baridi ya nje, dakika tano kabla ya mechi, natafuta nati kwa tochi ya simu. Kifyatuo kibaki.

#33 FundiKekee
Turudi kwenye mada. KaskaziTena, una bahati una vifyatuo. Fanya jaribio hili, halina gharama. Toa vyuma vyote viwili, badilisha: cha kulia kiende kushoto, cha kushoto kije kulia. Chuma hakina kushoto wala kulia, kinaingia popote.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hujichanganya. Makali yaliyokuwa ya ndani mguu wa kulia, yakihamia kushoto yanakuwa ya nje. Kwa hiyo kosa likiwa la kunoa, mguu wa kulia utapona na wa kushoto utavuta *nje*, si ndani. Kosa likiwa la holda, buti au mguu, kulia kutabaki palepale na kushoto hakutabadilika. Fanya, uje utuambie.

#34 MamaTufaha
Hilo nakubaliana nalo mia kwa mia. Tusubiri.

#35 Mlalahoi_Daima
Mimi sijawahi kugusa barafu isiyo ya kwenye glasi, lakini hapa siondoki. Natabiri ni kifundo cha Tabora.

#36 SultaniWaRuwi
Naongeza: kabla ya jaribio weka holda juu ya kioo. Sijasahau.

#37 KaskaziTena
Nimetoka uwanjani sasa hivi, vidole bado vimekufa ganzi, mnisamehe maandishi.

Nimebadilisha vyuma. Kushoto: kunavuta nje, kidogo, nikienda polepole ndiyo nasikia. Kulia: kumepungua sana. Sana. Lakini hakujaisha. Nikiteleza kwa mguu mmoja bado kunakunja kuelekea kushoto, sema sasa inachukua muda kabla haijanishinda. Kona ya kulia nimekata mbili bila kuanguka, ya tatu nikaanguka.

#38 MamaTufaha
Kushoto kunavuta nje. Kesi imefungwa. Peleka vinolewe na mtu anayepima kidoleni, mwambie mfereji wa nusu inchi kama ulikuwa umezoea huo, usikubali aamue yeye.

#39 FundiKekee
Kulia hakujaisha. Kesi imefunguliwa. Baada ya kunoa bado utakuwa na zile milimita mbili.

#40 NesiGöteborg
Na kioo? Goti limefanya nini?

#41 KaskaziTena
Goti limeingia ndani kidogo. La kushoto pia, ila kidogo zaidi ya kidogo.

#42 MzeeWaTyubu
Kila mmoja atapata kipande chake cha nyama hapa. Noa, kijana, kisha cheza wiki kadhaa. Kama bado, lete buti Winnipeg nilitazame kwa mkono. Macho ya mtandaoni hayabonyezi ngozi.

#43 BaridiTupu
Mzee, nauli ya kwenda Winnipeg anapata skeiti mpya.

#44 KaskaziTena
Nimeweka miadi ya kunoa Jumamosi, duka jingine. Nimeuliza kwa simu kama wanapima kidoleni, yule dada akanyamaza kama nimemtukana. Ribiti sizigusi kwanza. FundiKekee, nikishindwa nitakutumia kwa posta hadi Minneapolis, andaa gereji.

#45 FundiKekee
Tuma na soli za ndani humohumo. Na usizioke.

#46 SimbaWaMomboRoad
Na zile Lightspeed 2 zako, ya kulia haina ufa, sivyo? Mwenye mabuti ya Bauer namba 9 huku tunaye, yeye wa kulia ndio umepasuka. Mtu anayekuja Desemba anaweza kubeba, haina uzito.

#47 KaskaziTena
Ipo kwenye droo, na nati zake. Nitumie namba ya huyo mtu kwenye boksi la faragha.